Barua ya wazi kutoka kaunta ya duka la dawa, Umoja

Kwa Waziri wa Afya. Kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi. Na kwa wasimamizi wa kliniki zote za saratani jijini.

MINT: WAGONJWA WA KEMO NA DAWA ZA MAUMIVU TUNAZOWAUZIA

Waheshimiwa,

Mimi ni muuza dawa. Cheti ninacho, leseni imebandikwa ukutani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nyuma ya kaunta ile ile, Umoja, mwendo mfupi kutoka soko la Mutindwa. Wateja huniita daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nimechoka, naitika tu. Nawaandikia kwa sababu ya vidonge kumi vya diklofenaki, dawa ya maumivu, nilivyohesabu kwa mkono wangu nikamtilia mama mmoja kwenye bahasha ndogo ya karatasi.

Alikuja Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza kupanguza rafu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Ukambani, anakaa kwa bintiye mtaa wa pili. Alishika kaunta kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye matatu inayopiga kona. "Daktari, nisaidie na kitu cha mgongo na magoti. Usiku sikulala." Nikamuuliza maswali ninayouliza kila mtu: una vidonda vya tumbo, una presha, una mimba? La mwisho lilimchekesha. "Mimba ya wapi, mwanangu?" Tukacheka wote wawili. Nikaandika juu ya bahasha: 1x2, baada ya kula. Akalipa, akaenda.

Muda wote huo alikuwa na daftari kwapani, lile la kurasa 48 ambalo wagonjwa hubeba kwenda kliniki, limefunikwa kwa karatasi ya kaki kama la mtoto wa shule. Sikuuliza ni la nini.

Jumatano iliyofuata bintiye alikuja na ile bahasha, tupu. Hakuja na ugomvi. Aliiweka juu ya kaunta upande wenye mwandiko wangu ukiwa juu, akaniuliza, "Daktari, hii ulimpa mama ni dawa gani hasa? Huko kliniki wanauliza." Mama alikuwa anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi: mionzi siku za kazi, na kila Jumanne dripu ya sisplatini, ambayo ni dawa ya kemo, yaani ya kuua saratani. Jumanne ile alirudishwa nyumbani bila dripu. Damu iliyotolewa Jumatatu ilionyesha krietinini imepanda, maana yake figo zimelegea katika kuchuja. Mionzi iliendelea. Sisplatini ilisimama wiki hiyo, ikasimama na iliyofuata.

Siwezi kuapa kwamba ni vidonge vyangu pekee. Sisplatini yenyewe huumiza figo, hilo linajulikana tangu ilipoanza kutumika miaka ya sabini, na mama alikuwa ametapika siku mbili mfululizo bila kuweka maji tumboni. Lakini mtu aliyekaukiwa maji, mwenye sisplatini mwilini, akaongezewa diklofenaki mara mbili kwa siku kwa siku tano, ni mtu aliyesukumwa kutoka pande tatu. Upande mmoja niliusukuma mimi.

Niliomba nione lile daftari. Chini ya tarehe ya Jumanne ya kwanza pameandikwa kwa kalamu ya buluu, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo: CDDP 60 mg, halafu N/S 2L, yaani maji ya chumvi lita mbili, halafu sahihi. Basi. Waheshimiwa, mimi nimesoma dawa chuoni na nimefaulu. Neno sisplatini ningelitambua hata usingizini. CDDP, kifupi chake, sikuijua. Kwa hiyo hata kama ningefanya kazi yangu sawasawa Alhamisi ile, nikaomba daftari na kulifungua, ningesoma herufi nne zisizoniambia kitu, nikamrudishia na kumuuzia.

Hili ndilo nililokuja kuwaambia. Mgonjwa wa kemo anatembea kati ya watu wawili wanaompa dawa, na hakuna karatasi inayowakutanisha. Kule kliniki wanajua sisplatini lakini hawajui atapita kwangu. Mimi najua atapita kwangu lakini sijui ana sisplatini. Anayejua yote mawili ni mama, na hakuna aliyemwambia kwamba yana uhusiano.

Nitaeleza kinachotokea, kwa kuwa najua barua hii itasomwa pia na wenzangu wa kaunta, na wengine wetu tunaamini hatari ya dawa kama diklofenaki inaishia kwenye vidonda vya tumbo.

Mwaka 1971 mtafiti John Vane alionyesha jinsi asprini inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, piroksikamu, meloksikamu na indometasini zote hupita njia hiyo hiyo. Prostaglandini ndizo huchochea uvimbe na maumivu ya goti, na ukizizima, goti linatulia. Shida ni kwamba hazikai gotini tu. Kwenye figo zina kazi nyingine kabisa: zinashikilia wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio. Mtu mwenye afya aliyekunywa maji yake anaweza kupungukiwa prostaglandini siku mbili tatu asitambue lolote. Aliyetapika, aliyeharisha, mzee, mwenye presha anayetumia dawa za kukojoa, huyu figo zake zinazitegemea sana. Ukizizima, mshipa ule unajibana, damu inapungua, uchujaji unashuka.

Sasa jiulize kwa nini muuguzi anamtundikia mgonjwa wa sisplatini lita mbili za maji ya chumvi, na kwa nini anamwambia akifika nyumbani anywe maji hata kama hana kiu. Ni ili figo zisafishwe. Wao wanamwaga maji juu, mimi nimekaa chini naziba mfereji.

Sisplatini ni mfano mmoja. Methotreksati, hasa ile ya dozi kubwa wanayopewa vijana wenye saratani ya mifupa na watoto wenye baadhi ya saratani za damu, karibu yote hutoka mwilini kupitia figo. Ikikutana na dawa hizi za kutuliza maumivu na uvimbe, figo zinapunguza mwendo, na tena zile dawa zinagombania nayo mlango ule ule wa kutokea kwenye mkojo. Methotreksati inabaki mwilini ikiendelea kuchoma: mdomo unajaa vidonda hadi mtu hawezi kumeza mate, kisha uboho unaacha kutengeneza damu. Hili si jambo la jana. Mwaka 1986 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa waliopewa methotreksati ya dozi kubwa pamoja na ketoprofeni, ambayo ni ndugu wa ibuprofeni, na baadhi yao wakafariki. Ni karibu miaka arobaini sasa.

Hapa wenzangu hunijibu: "Lakini mimi nina mteja wa baridi yabisi, anakunywa methotreksati na ibuprofeni miaka yote, na yuko sawa." Ni kweli, yuko sawa. Yule hunywa vidonge vichache mara moja kwa wiki, daktari wake anajua, na damu yake hupimwa. Jina ni moja, dozi ziko mbali kama Umoja na Lodwar. Kufanana huko kwa jina ndiko kunakotulaza usingizi.

Kuna dawa ambazo watengenezaji wenyewe wameshaandika siku. Pemetreksedi, ya saratani ya mapafu, maelezo yake yanasema mgonjwa ambaye figo zimepungua nguvu kidogo au kwa wastani asitumie ibuprofeni siku mbili kabla ya dripu, siku yenyewe, na siku mbili baada yake. Sijawahi kuona mgonjwa akija na siku hizo zimeandikwa mahali.

Tena kuna damu. Baada ya dripu nyingi za kemo, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, uboho huwa umechoka na chembe sahani, zile za kuziba damu isivuje, zimepungua. Dawa za uvimbe huzifanya hata zile chache zilizobaki zisishikane vizuri. Asprini ndiyo kali zaidi hapa, maana chembe iliyoguswa nayo haiponi. Mwili husubiri kutengeneza nyingine, na chembe moja huishi siku saba hadi kumi. Unganisha hilo na tumbo lililochubuliwa na kidonge hicho hicho, ndipo unaelewa choo cheusi kama lami. Na mgonjwa hajui kama amekunywa asprini. Ameomba "ile ya kichwa", na baadhi ya dawa za kichwa zinazouzwa mpaka kwenye maduka ya sukari na sabuni zina asprini ndani, imechanganywa na nyingine.

Na homa. Hili la homa nilikuwa silijui vizuri hadi muuguzi mmoja aliponieleza kwa simu, kwa upole ambao sikustahili. Siku zile zile chembe nyeupe za damu nazo ziko chini. Mgonjwa akipata maambukizi, hakuna usaha wala uvimbe wa kumwonya, kwa sababu wanaoleta usaha ni hizo chembe nyeupe. Dalili inaweza kuwa homa peke yake. Nyuzi 38 na kuendelea kwa mtu wa kemo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Akija kwangu akasema mwili umechemka, nikampa ibuprofeni, homa inashuka, analala, na maambukizi yanaendelea na kazi gizani. Parasetamoli nayo inaweza kuficha homa hivyo hivyo, kwa hiyo kipimajoto kitangulie kidonge. Muuguzi alisema "kitangulie" mara mbili.

Sasa, waheshimiwa, msinielewe kwamba naomba dawa hizi zifungiwe kabatini. Zinafaa, na nauza kwa dhamiri safi kwa fundi wa mjengo aliyeteguka mguu. Hata kwa wagonjwa wa saratani kuna daktari anayeamua, baada ya kuangalia figo na damu, kwamba huyu atumie kwa siku tatu. Na mwenye asprini ndogo ya moyo asije akasoma barua hii akaitupa. Aulize kwanza waliompa. Ninachokataa ni uamuzi huo kufanywa na mimi, kwa dakika moja na nusu, bila kujua ninaamua.

Tena nataka tuseme ukweli kuhusu kwa nini wanakuja kwetu. Wanakuja kwa sababu wanaumwa. Paklitakseli huleta maumivu ya viungo na misuli siku mbili tatu baada ya dripu, wakati mgonjwa yuko nyumbani na kliniki imefungwa. Sindano za kupandisha chembe nyeupe huuma mifupa, hasa ya kiuno na kifua, hadi mtu anadhani saratani imehamia huko. Haya yanatarajiwa. Yako kwenye vitabu. Mgonjwa angeambiwa Jumanne kwamba Alhamisi utaumwa hapa na hapa, na ukiumwa utakunywa hiki, angekuwa amelala. Badala yake anaambiwa aje baada ya wiki. Kati ya leo na wiki ijayo kuna nani? Kuna mimi, nimefungua hadi saa tatu usiku, na taa yangu inaonekana kutoka barabarani.

Silaumu wauguzi. Nimekaa kwenye benchi za kliniki hizo nikimsindikiza mjomba wangu, nimeona mmoja akihudumia foleni inayohitaji wauguzi wanne. Lakini kumwambia mtu mwenye maumivu "hiki usinywe" bila kumpa cha kunywa ni kumwelekeza duka la pili. Aondoke kliniki akiwa na cha maumivu mkononi: parasetamoli na kipimajoto cha kidijitali, vyote ni vya bei nafuu, na kama haitoshi, kodeini, na kama haitoshi, mofini ya maji. Shirika la Afya Duniani lilieleza ngazi hiyo ya maumivu ya saratani tangu 1986. Hapa kwetu Nairobi Hospice imekuwa ikihudumia watu hawa tangu 1990, kwa hiyo hatuwezi kusema mofini ni kitu cha ng'ambo. Bado nakutana na familia zinazoogopa neno mofini kuliko zinavyoogopa kidonge cha kumi cha diklofenaki. Hofu hiyo mtaiondoa ninyi. Mimi wakinisikia wanaona nataka kuwauzia.

Karatasi ndiyo ombi langu kubwa. Sitaki mfumo. Nimesikia kwamba siku moja rekodi zote zitakuwa kwenye kompyuta na duka la dawa litaziona. Heri, na tutafurahi. Lakini Alhamisi ijayo kuna mama mwingine atashika kaunta yangu. Naomba karatasi moja ngumu, ya rangi inayoonekana, ibanwe kwa pini nje ya jalada la daftari, si ndani. Iandikwe kwa Kiswahili: mimi natumia dawa za saratani. Jina la dawa kwa ukamilifu, si CDDP, si MTX kwa methotreksati. Tarehe ya dripu ya mwisho. Mstari unaosema usiniuzie bila kupiga simu, na chini yake majina ya dawa jinsi watu wanavyoyasema, Brufen iwemo na Voltaren iwemo, na vile vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli ambavyo mteja hudhani ni Panadol yenye nguvu. Sindano pia iandikwe. Kuna watu wanaamini sindano ya maumivu haifiki kwenye figo kwa vile haikupita tumboni.

Na nambari ya simu ambayo mtu ataipokea. Hili naliweka peke yake kwa sababu nililijaribu. Jioni ile ya Jumatano nilipiga nambari iliyochapishwa nyuma ya kadi ya miadi ya mama mara tano. Ya sita, asubuhi, ndipo nikampata yule muuguzi mpole, tena alikuwa amepita tu karibu na meza.

Kwa Bodi: ninyi mnatutembelea kukagua leseni, jokofu, na tarehe za dawa kuisha. Mkija mara nyingine, simameni kando dakika kumi msikilize tunavyouza. Hesabuni ni mara ngapi swali hili linaulizwa: kuna dawa nyingine unatumia, au hospitali unayohudhuria? Mimi sikuliuliza kwa miaka kumi. Waraka wa ukurasa mmoja kwa kila duka la dawa Nairobi, wa kulifanya swali hilo kuwa la kwanza kabla ya vidonda vya tumbo, hauhitaji sheria mpya wala bajeti ya semina hotelini. Na mtukumbushe ile fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa. Nilijaza ya mama, mara ya kwanza tangu nianze kazi. Mwenzangu wa duka la kona aliponiona aliniuliza kama natafuta kufungiwa. Huo ndio uelewa tulio nao: kwamba kuripoti ni kujishtaki. Wekeni maneno mawili juu ya fomu hiyo yanayosema sivyo, muone kama hazitaongezeka.

Mama alimaliza mionzi. Figo zilirudi, si mpaka zilipokuwa, lakini zilirudi kiasi cha kumpa dripu moja ya mwisho. Nyingine mbili ziliachwa, na hakuna anayeweza kuniambia hizo mbili zingefanya nini. Alipita kuniaga kabla ya kupanda gari la Kitui. Aliniletea maembe mawili. Bintiye ameniambia kliniki imempangia kurudi kila miezi mitatu.

Karatasi ya mfano nimeichora mwenyewe kwa kalamu, na mwanangu wa darasa la saba akarekebisha mistari. Nimetoa nakala hamsini kwa shilingi 5 kila moja, nikawapa wateja wangu ninaowajua kuwa wako kwenye kemo, nao ni kumi na mmoja. Sikujua ni wengi hivyo hadi nilipoanza kuuliza. Nakala moja naituma pamoja na barua hii. Ina makosa ya mpangilio na nafasi ya jina la dawa ni finyu, mtairekebisha. Duka liko wazi kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Wenu,
Muuza dawa, Umoja, Nairobi